Kidole cha Mwanafalsafa

Siongezi chumvi: hili lilimpata rafiki yangu Sylvie, mwalimu katika shule moja ya mtaa wa Kikula. Direkta alimwambia, "Madame Sylvie, kesho kama haueleze ile tablo mbele ya wazazi, kazi nitapatia mwingine."

Ilikuwa picha ya mwanafalsafa wa zamani, imechorwa juu ya gunia la unga, mkono shavuni. Sylvie, hoi kwa kufundisha tangu asubuhi, alijifungia nayo katika stoo isiyo na dirisha, akajizoeza: "Mkono shavuni, maana yake anawaza."

Umeme ukakatika. Nyuma yake kitu kikajikokota sakafuni, polepole.

"Nani iko pale? Minye sitaki michezo!"

Umeme uliporudi, kidole cha yule mzee pichani kilikuwa juu ya midomo yake, na macho yake yalitazama nyuma ya bega la Sylvie.