Bunduki Iliyopakwa Mafuta ya Mwanaima

Nyembe nne zilianikwa juani nyuma ya nyumba ya Seifu, bwana nyama wa serikali pale Matambarale, kila mmoja na tone lake la mafuta. Baada ya siku tatu alizikagua. Mafuta ya nazi yalikuwa yameshika vumbi. Ya karanga yalinata kama ulimbo. Oili chafu ya trekta ilijaa unga wa chuma, ingekwangua mtutu wa bunduki. Wembe wa nne ulikuwa mkavu, unang'aa, kama umelambwa.

Mwingine angejiuliza nani kalamba. Seifu, fundi wa kujipa majibu, alisema, "Haya ndiyo mepesi. Chuma kimeyanywa."

Ulikuwa mwaka 1982, hata sabuni ilikuwa ya kusimuliwa, na mafuta ya bunduki hayakuwa yameletwa Ruangwa tangu masika. Bunduki ya serikali ilianza kushika kutu huku nguruwe wakimaliza mihogo ya watu. Mafuta yale ya nne yalikuwa ya zeituni, yamesomewa, ya jini la mkewe, Mwanaima. Kila mwezi jini lilimpanda, likamwangusha, likadai udi, marashi na kupakwa mafuta yake, kisha likatulia. Seifu aliyajua yote hayo, na bado aliichukua chupa bila kuomba.

Alisafisha kama alivyofundishwa: kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kisha chenye mafuta kidogo, kisha kikavu tena, maana mafuta yakizidi hukaribisha vumbi. Tone moja kwenye bolti, komeo linalosukuma risasi, akaivuta mara tano ili yaenee.

Mwezi ule Mwanaima hakuanguka. Wa pili akanenepa, akaanza kuimba akitwanga. Seifu alifurahi, na furaha ikamziba mdomo. Bunduki nayo haikukosa nguruwe hata mmoja, ila ilinuka udi, na kila alipoiegemeza ikitazama dari aliikuta imeinama, inaelekea kigoda anachokalia mtu. Akazoea. Binadamu huzoea.

Mwezi wa tatu, adhuhuri, alikuwa shambani na Saturnini, mwenzake wa kufuata nyayo, wamekaa wanakula muhogo, bunduki imelala majanini na hakuna mkono karibu yake, ndipo Seifu aliposikia bolti ikivutwa taratibu, akaiona ikivutwa, mara moja, mara mbili, mpaka ya tano, vile vile alivyokuwa akiivuta yeye, na harufu ya udi ikapanda, akataka kusema "Inama" ulimi ukawa mzito, na mlio ulipokwisha Saturnini alikuwa ameshika upande wa kichwa ambapo hapakuwa na sikio tena, na damu iliyorukia mtutu ikanyweka kabla ya kutiririka.

Saturnini alipelekwa zahanati. Seifu akarudi nyumbani na bunduki. Hakuona uchungu wala woga. Alihisi miguu inatembea tu.

"Uliipaka mafuta gani, Baba Awadhi?" Mwanaima alinong'ona.

"Yako."

Mwanaima akaigeukia bunduki. "Ioshe kwa mafuta ya taa. Jini likitolewa humo litarudi kwangu."

"Miezi mitatu hujaanguka, mke wangu. Nitaizika porini."

"Ya serikali hiyo, wataifukua. Na Saturnini amebaki na masikio mangapi?"

Akatandika mkeka, akafunga kanga kiunoni, akakaa kungoja. Seifu akaosha. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, cha pili chekundu, cha tatu cheupe. Hapo Mwanaima akaanguka.

Seifu alijua la kufanya. Akawasha udi, akanyunyiza marashi, akamimina mafuta yaliyobaki kiganjani na kumpaka mkewe usoni, akingoja litulie kama siku zote.

"Acha hayo," sauti nzito ikatoka kinywani mwa Mwanaima. "Hayo niliyala nilipokuwa sijaonja kingine."

Mkono wa Mwanaima ukainuka, ukalishika sikio la Seifu, ukalibonyeza polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.