Tanzia ya Bi Sumeiya Aliye Hai

Asubuhi ile Bi Sumeiya alikuwa akikaanga mahamri, na nyumba nzima ilinukia iliki. Mjukuu wake, Jawahir, alikaa karibu na dirisha na kompyuta yake mapajani. Bibi alimwita aje ale, akamwita tena. Kila mara alijibiwa, "Naja, bibi," na Jawahir hakuja.

Jawahir alikuwa na kazi ya mtaa. Pale Mji wa Kale mtu akifa asubuhi, aghalabu huzikwa siku iyo hiyo. Habari ikichelewa, ndugu hukosa kumswalia. Kwa hivyo chama cha mazishi kilimwomba Jawahir atengeneze programu ya kutuma tanzia kwa simu za wanachama wote kwa pamoja: jina la marehemu, msikiti, na wakati wa kuswaliwa.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Alikuwa na msaidizi wa akili unde. Msaidizi huyo ni programu. Unamweleza kazi kwa maneno ya kawaida, naye anaandika na kurekebisha programu nyingine. Asubuhi hiyo Jawahir aligundua kasoro. Jina la msikiti halikuwa likitokea kwenye ujumbe. Alimwandikia msaidizi arekebishe, kisha ajaribu mpaka ahakikishe ujumbe unafika sawa. Halafu akaenda kula.

Hamri bado lilikuwa mkononi mlango ulipogongwa. Bi Sumeiya alikwenda kufungua mwenyewe, huku akipangusa unga mikononi. Nje walisimama wanawake wa mtaa na mabuibui yao, wengine wakilia. Mbele yao alikuwa mke wa mwenyekiti wa chama, Mzee Hamdan.

"Karibuni," alisema Bi Sumeiya kwa hofu. "Nani amekufa?"

Mwanamke mmoja alikaa palepale kizingitini. Mwingine alianza kupiga shahada. Mke wa Mzee Hamdan alinyoosha mkono, akamgusa Bi Sumeiya begani, akamgusa tena.

"Wewe," alisema. "Umekufa wewe."

Jawahir alishika simu yake. Tanzia ilikuwa pale. Bi Sumeiya amerejea kwa Mola wake, ataswaliwa baada ya adhuhuri. Jina la msikiti lilitokea vizuri kabisa. Alikimbilia kompyuta. Msaidizi alikuwa ameandika: "Nimerekebisha kasoro. Ujumbe umewafikia wanachama wote. Jaribio limefaulu."

Baba yake, Akil, alifika kutoka Makupa, kiatu mguu mmoja, duka la vipuri ameliacha wazi. Aliingia akitafuta maiti. Alimwona mama yake amesimama na upawa. Alipiga magoti, akalaza kichwa kwenye miguu ya mama yake, mtu mzima mwenye mvi, akalia kama mtoto. Bi Sumeiya alimpapasa kichwa na kumwambia inuka mwanangu, mafuta yanaungua. Wakati huo vijana walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi. Ilibidi wapigiwe simu waache.

Mzee Hamdan alipofika hakugomba. Aliyesema ni Ghassan, jirani yao wa nyumba ya pili.

"Babangu yuko hospitali," alisema. "Daktari ametwambia tujitayarishe. Akifa kesho na tanzia ikatoka, nani ataiamini? Watasema ni mashine ya Jawahir tena. Babangu atazikwa na nani?"

Mzee Hamdan aliamua programu ifungwe. Jawahir angepewa nafasi moja tu, baada ya swala ya Ijumaa, kuonyesha kwamba jambo lile haliwezi kutokea tena. Akishindwa, iachwe kabisa.

Alasiri ile Mutanu alishuka kutoka ghorofa ya juu. Alikuwa mpangaji wao, mtaalamu wa programu katika ofisi moja karibu na bandari. Alimkuta Jawahir ametoka kuswali, macho mekundu. Jawahir alimwambia kwamba yule msaidizi ni mjinga, na hataki kumwona tena.

Mutanu aliuliza alimwambia nini hasa. Aliposikia, alitikisa kichwa.

"Si mjinga, mdogo wangu. Anajua kuandika programu. Asichokijua ni hiyo zana yenu ya kutuma ujumbe. Zana hiyo ina njia mbili, ya majaribio na ya kweli. Nani alimwambia?"

"Hakuna," alisema Jawahir.

"Basi alibahatisha, akaangukia ya kweli. Alitaka jina la kujaribia, akachukua la kwanza katika orodha ya wanachama."

"Kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wao," alisema Bi Sumeiya kutoka jikoni. "Huyo ni kama mpishi wa kukodi wa harusi. Pilau anaijua, jiko langu halijui. Mimi humsimamisha kwanza nikamwonyesha."

Mutanu alicheka, akasema bibi amekwisha kufundisha somo lote. Kumwonyesha msaidizi jiko, alieleza, ni kumwandikia ujuzi maalumu. Ujuzi huo ni folda yenye maelezo mafupi ya zana moja. Juu yake unaandika zana ni ipi na ujuzi utumike wakati gani, ili msaidizi aifungue folda kazi ya zana hiyo inapokuja. Ndani unaandika hatua za kufuata, mambo ya hatari, na namna ya kuhakiki kazi. Zana nyingine hupata folda yake yenyewe, kwa kuwa maelezo yakirundikwa pamoja huchanganya.

Jawahir alisema ameona ujuzi kama huo mtandaoni, umeandikwa tayari. Mutanu alimwambia ausome wote kabla ya kuutumia. Msaidizi hutii yaliyoandikwa humo, na aliyeyaandika Jawahir hamjui.

"Na maandishi peke yake hayatoshi," aliongeza. "Anaweza kukosea hata baada ya kusoma. Mnyang'anye ufunguo wa njia ya kweli. Huo ubaki kwa watu."

Walikaa pamoja wakaandika. Majaribio yote yapite njia ya majaribio. Ujumbe wa jaribio uende kwenye simu ya Jawahir tu, na uanze kwa neno JARIBIO. Msaidizi asitumie jina la mtu halisi. Tanzia ya kweli isitoke mpaka jamaa wa marehemu na mwenyekiti wathibitishe wote wawili.

Ijumaa sebule ilijaa. Jawahir aliirudisha makusudi ile kasoro ya jina la msikiti, akasoma bismillahi, akamwandikia msaidizi maneno yaleyale ya siku ile: rekebisha, kisha jaribu mpaka uhakikishe. Akil alishika simu yake kama kaa la moto. Walingoja. Simu moja ililia, ya Jawahir. Nyingine zote zilinyamaza.

"Mola ashukuriwe," alisema Mzee Hamdan.

"Mngetumia jina langu tu," alisema Bi Sumeiya. "Mimi nishazoea kufa."

Kicheko kilianza kwa Akil, kikaenea. Ghassan tu hakucheka.

Wiki iliyofuata baba yake Ghassan alifariki alfajiri. Ghassan alithibitisha kwa mkono wake mwenyewe, Mzee Hamdan akathibitisha, na tanzia ikatoka. Jawahir alikaa akiomba dua. Simu ya bibi ililia. Bi Sumeiya alisoma lile jina taratibu, midomo ikicheza.

"Leo si mimi," alisema, akavaa buibui aende kwa wafiwa.

Adhuhuri msikiti ulijaa mpaka barabarani. Wengine waliswali juu ya magazeti, juani. Baada ya mazishi Ghassan alipita mlangoni kwao, kanzu ina mchanga wa kaburi.

"Wamekuja, Jawahir," alisema. "Hata watu wa kule Tudor wamekuja."