Kilele Kisichotoka Kwenye Jani

Nyumba ile ina vyumba viwili na kelele za watu kumi, ingawa wanaokaa humo ni wanne tu. Uani baba mwenye nyumba hugonga mabomba ya friji, maana ni fundi wa friji. Barazani mama yake hukanyaga cherehani. Mtoto naye ana wimbo mmoja, huuimba tangu kuamka hadi kulala. Katikati ya zogo lote hilo, mke wa fundi husoma kemia.

Majirani humwita Dokta. Si daktari hata kidogo. Ni mwanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kikuu. Jina hilo alipewa na mumewe kwa utani, likamganda.

"Dokta, mtoto ana mafua. Nimpe nini?" jirani mmoja alimuuliza.

"Mpeleke zahanati, dada. Mimi ni daktari wa majani."

Hakudanganya. Kuna kichaka kinachoota kando ya nyumba nyingi. Watu hukausha majani yake, huyachanganya na mahindi, na fukusi, wadudu watoboao nafaka, hawagusi mahindi hayo. Kila mtu anajua kwamba majani yanafukuza fukusi. Kitu gani ndani ya jani kinawafukuza? Hapo kila mtu hunyamaza. Hicho ndicho Dokta alichokuwa anakitafuta.

Aliloweka majani katika spiriti safi ya maabara. Spiriti hutoa vitu vilivyomo ndani ya jani, kama maji ya moto yanavyotoa rangi ya chai. Kisha spiriti hiyo hupimwa kwa mashine ya chuo. Mashine huchora mchoro wenye vilele, vingine virefu, vingine vifupi. Kila kemikali ina vilele vyake, na mwanakemia akivisoma hujua ni kitu gani.

Maabara ilikuwa na chupa chache za kioo, na wanafunzi walizigombania. Dokta hakutaka ugomvi. Alichukua nyumbani vichupa laini vya plastiki. Mama mkwe alimsaidia kuvisugua mpaka vikang'aa. Dokta akahifadhi humo spiriti yake ya majani kwa wiki kadhaa.

Siku ya kupima, mchoro ulitoka na kilele kimoja kirefu kupita vyote. Dokta alikitafuta katika kitabu cha michoro cha maktaba. Hakikuwamo. Labda ni kitu kipya, kitu ambacho hakuna mtu duniani aliyewahi kukiona.

Alimwambia mumewe. Mumewe akamwambia mama yake. Na mama mkwe, loo, unajua mambo ya cherehani. Mteja huja kupunguza sketi, akaondoka na habari. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulijua kwamba Dokta amegundua dawa mpya.

Wakati huo siku ya kuwasilisha utafiti mbele ya walimu ilikuwa inakaribia. Walimu wakiukubali utafiti, Dokta anahitimu. Wakiukataa, anarudi mwanzo, mwaka mzima mwingine. Mumewe alikuwa ameshamwambia, "Mwaka huu tuvumilie, mke wangu. Ukimaliza, nasi tupumue."

Dokta alitaka kuwa na uhakika. Alirudi maktaba. Mkutubi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, mama. Hamna kitabu kingine cha michoro?"

"Marahaba. Kitabu kile kimekuzidi umri, mwanangu. Mambo ya karibuni hakiyajui. Mtandaoni umetafuta?"

"Nimetafuta. Nimepata video za watu wanaouza dawa za kunenepa."

Mkutubi alicheka hadi miwani ikatikisika. "Huko uliingia sokoni. Vuta kiti nikuonyeshe maktaba."

Alifungua kompyuta. "Tazama hapa. Hili ni ghala la michoro. Wanakemia wa nchi nyingi huweka humo michoro yao, na kuitazama ni bure. Unaandika namba za vilele vyako, ghala linakutafutia kemikali zenye vilele kama hivyo."

"Na makala za utafiti? Nyingi nikizifungua zinadai malipo."

"Usikimbilie kulipa. Ingia kwanza kwa namba yako ya chuo, kwa sababu nyingine chuo kimeshazilipia. Ikishindikana, mwandikie mwenye makala. Anwani yake ya baruapepe imeandikwa palepale juu."

Dokta alishtuka. "Nimwandikie profesa ambaye hanijui? Si nitaonekana sina adabu?"

"Adabu iko kwenye maneno. Msalimie, jitambulishe, omba, shukuru. Mwandishi gani hapendi kusomwa?"

Kisha mkutubi alimwonyesha ukurasa mwingine. "Na haya ni mafunzo. Chama cha wanakemia kinafundisha kusoma michoro kila Jumamosi, kwa mtandao. Hulipi kitu."

"Kweli hulipi? Juzi nilipata ujumbe. Wameniita mtafiti mashuhuri, wananialika mkutanoni, ila nitume pesa siku ileile."

"Na wewe umekuwa mashuhuri tangu lini?"

"Ndiyo maana niliufuta."

"Ulifanya vizuri. Mtu akikusifu bila kukujua, kisha akakuharakisha utoe pesa, mkimbie. Mafunzo ya kweli hutaja walimu wake na mahali wanapofanya kazi. Unaweza kuwatafuta ukawaona. Ukiwa na shaka, niulize mimi, au muulize msimamizi wako wa utafiti. Haya, jisajili."

Dokta akajisajili palepale.

Jumamosi ilipofika, aliketi chumbani na kompyuta yake. Alizima kamera. Alizima kipaza sauti pia, kwa sababu ya nyundo, cherehani na ule wimbo mmoja. Darasani walikuwamo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Mwalimu alikuwa mama mwenye sauti nzito.

"Nionyesheni michoro inayowasumbua," mwalimu alisema. "Ile mizuri kaeni nayo nyumbani, haina haja ya daktari."

Wenzake walionyesha yao. Dokta hakuonyesha wake. Yeye mchoro wake ulikuwa unamsumbua nini? Wake ulikuwa na kitu kipya.

Mwalimu aliendelea. "Kabla hujasema umepata kitu kipya, jiulize maswali. Je, kimetoka kwenye spiriti? Kimetoka kwenye grisi ya vifaa? Kimetoka kwenye plastiki? Tafuta ghalani kwanza. Ukishindwa kabisa, ndipo uanze kufurahi."

Darasa lilipokwisha, Dokta alifungua ghala la michoro. Aliandika namba za kilele chake kirefu. Jibu lilitoka mara moja: kemikali ya kulainishia plastiki. Akafuta, akaandika tena polepole, namba moja moja. Jibu likawa lilelile.

Plastiki nyingine huchanganywa na kemikali ili ziwe laini. Spiriti ikikaa humo muda mrefu, huifyonza kemikali hiyo. Vile vichupa vya nyumbani vilikuwa vimechangia mchoro bila kualikwa.

Dokta alifunika kompyuta. Alihisi aibu, kisha hofu, kisha likaja wazo baya. Nani anajua? Msimamizi wake aliuona mchoro na hakugundua. Kitabu cha maktaba hakina. Angeweza kusimama mbele ya walimu na kusema, "Kitu hiki bado hakijatambulika." Pengine wangepiga makofi. Alilibeba wazo hilo siku mbili, na kila alipolitazama lilimchukiza zaidi.

Jikoni mama mkwe alimwona anakoroga mchuzi uliokwisha kuiva.

"Umegombana na mume wako?"

"Hapana, mama."

"Una mimba?"

"Hapana, mama."

"Basi sema mwenyewe. Mimi ninayoyajua yameisha."

Dokta alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. Akamweleza yote.

"Ni vichupa nilivyosugua mimi?"

"Usafi wako haukuwa na kasoro, mama. Tatizo ni plastiki yenyewe. Na kosa ni langu, mimi ndiye mwanakemia."

"Na mimi nimeshautangazia mtaa."

"Najua, mama."

"Ya mtaa niachie. Mdomo ulikuwa wangu, nitayasahihisha mwenyewe. Wewe una wakubwa wako wa kuwaambia. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukikaa kimya, nani atakusaidia?"

Asubuhi Dokta alimfuata msimamizi wake ofisini. Alimwekea mchoro mezani na kusema ukweli, kuanzia vichupa mpaka ghala. Msimamizi aliinamia karatasi, akaipitia kwa kidole.

"Na mimi nilipaswa kuliona hili," alisema. "Lingejulikana siku ya kuwasilisha, tungekwama wote wawili. Leo bado tuna muda. Nitakuombea chupa za kioo kwa wenzetu wa idara nyingine."

Jumamosi iliyofuata fundi aliweka nyundo chini bila kuambiwa. Alimchukua mtoto na wimbo wake, wakaenda kutembea. Mama mkwe aliacha cherehani. Dokta akawasha kamera, akawasha na kipaza sauti.

"Mwalimu, mchoro wangu una kilele kinachonisumbua. Nadhani si cha jani. Nadhani ni cha chupa."

"Umejuaje?"

"Nimekitafuta ghalani."

"Vizuri sana. Lakini kudhani hakutoshi, thibitisha. Chukua chupa ileile, tia spiriti tupu bila jani, ikae, kisha pima. Kilele kikitokea, chupa imekiri."

Mwanafunzi mwingine alidakia. "Usijali, dada. Mimi nilipoteza mwaka mzima kwa sababu ya mpira wa bomba. Nilidhani nimepata maajabu."

Watu walicheka, na Dokta akacheka nao. Mabega yakashuka. Mwalimu aliukuza mchoro kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu mrefu amekuziba macho," alisema. "Tazama hawa wafupi hapa pembeni. Pengine hawa ndio wenyeji wa jani."

Dokta hakuwahi kuwatazama.

Alifanya kama alivyofundishwa. Spiriti tupu iliyokaa kwenye plastiki ilitoa kilele kilekile kirefu. Majani mapya yaliyolowekwa kwenye kioo hayakukitoa kabisa. Wale wafupi walibaki, tena safari hii walionekana wazi. Aliandika namba zao ghalani. Kimoja kilikuwa kemikali iliyokwisha kutambuliwa katika mmea mwingine. Makala yake ilidai malipo, na chuo hakikuwa nayo. Dokta alimwandikia mwenye makala. Alimsalimia, akajitambulisha, akaomba, akashukuru. Kabla ya wiki kwisha, profesa yule alimtumia makala pamoja na maelezo ya jinsi ya kuitenganisha kemikali hiyo na nyingine.

Dokta aliitenganisha. Akaijaribu kwa fukusi. Mahindi yenye kemikali hiyo hawakuyasogelea. Yale yasiyo nayo waliyatoboa kama kawaida yao.

Siku ya kuwasilisha ikafika. Walimu waliketi mstari mmoja mbele yake. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja ambaye wanafunzi humwita Pilipili, na si kwa sababu anaipenda.

"Mtaani tulisikia umegundua kitu kipya," Pilipili alisema. "Kiko wapi?"

"Kemikali yenyewe si mpya, mwalimu. Imeshatambuliwa katika mmea mwingine. Kipya ni kwamba imo katika jani hili, na ndiyo inayofukuza fukusi."

"Na nitajuaje kwamba hujaniletea plastiki? Nimeletewa plastiki mara nyingi hapa, ikisifiwa kama maua."

Msimamizi alimtazama Dokta. Dokta hakutetereka. Aliweka ukutani michoro miwili, mmoja chini ya mwingine.

"Plastiki ni huu wa juu, mwalimu. Niliileta mimi mwenyewe, kwa kosa langu. Hii ni spiriti tupu kwenye chupa ya plastiki, na kilele hicho ni chake. Huu wa chini ni jani kwenye kioo. Kilele kile hakipo."

Pilipili aliegemea kiti. Aliutazama wa juu, akautazama wa chini, akaurudia wa juu.

"Sina swali lingine," alisema.

Walimtoa nje, wakamwita tena. Amefaulu. Dokta alisikia neno hilo, kisha hakusikia lingine lolote mpaka msimamizi alipomshika mkono. Nyumbani mumewe alimwinua juu mbele ya wateja wa friji bila haya. Mama mkwe alishakwenda nyumba kwa nyumba kusahihisha habari, na sasa alianza kuzunguka upya na habari ya kweli. Kwa maoni yake, hii ya pili ilikuwa tamu zaidi.

Muhula uliofuata, mkutubi alitenga chumba maktabani kwa wanafunzi wapya wa kemia, wafuate mafunzo ya Jumamosi pamoja. Dokta aliombwa awe mwenyeji wao. Huwafundisha kuingia kwa namba ya chuo, kutafuta ghalani, kumwandikia mwenye makala, na kumtambua tapeli. Lakini hayo huja baadaye. Wakishaketi, kitu cha kwanza anachowawekea ukutani ni ule mchoro wake wa kwanza, wenye kilele kirefu cha plastiki. Jina lake kamili ameliandika chini yake, kwa herufi kubwa.

"Huu ni wangu," huwaambia. "Sasa nionyesheni yenu."