Eda ya Milango Miwili

"Nakuuliza tena, Saida, na jengo zima lisikie! Nani kakufia?"

"Dada Duni, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mimi nimefiwa na mume, leo siku ya arobaini nakaa eda. Wewe mtembeza watalii, miguu haijui kutulia, siku hizohizo arobaini hujavuka kizingiti. Wanja huna, hina huna, kanga imepauka. Eda ya nani hiyo?"

Milango yao ilitazamana, ghorofa ya tatu, mtaa wa Doornfontein, Johannesburg. Kila mmoja kasimama kwenye wake, hakuna aliyethubutu kukanyaga korido, maana mwenye eda hatoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Bila hivyo Duni angeshamng'oa mtu nywele.

Célestine, msusi Mkongo wa chumba cha kona, akachungulia na kitana mkononi.

"Eish, bamama! Miye ndiye nawaendea soko wote wawili. Mukiuana, nyanya nitamupa nani?"

Hakuna aliyecheka.

"Cheti cha ndoa kiko wapi?" Duni akauliza.

Saida aliinamisha kichwa. Miaka mitatu yeye na Seif, mume wa Duni, walitembeza wageni Marshalltown, na hadithi kubwa ya Saida ilikuwa ya wanawake wa kwanza waliozunguka dunia peke yao: sketi ndefu zinaburuza vumbi, na wakifika hotelini swali la kwanza, mume wako yuko wapi? Wageni walicheka. Seif alicheka kuliko wote.

"Cheti sina. Nina sheikh na mashahidi wawili. Rajabu iliyopita."

Duni akashikilia fremu ya mlango.

"Basi nijibu moja tu, nikulaani vizuri. Siku ile aliniandikia: *Nina wageni Marshalltown. Kula, usinisubiri.* Nikala, Saida! Nikashiba, na mifupa nikaifyonza. Kumbe mume wangu anaungua dukani Malvern, wachukia wahamiaji wamelitia moto. Alifuata nini huko Jules Street?"

Saida akatoa simu. Alisoma polepole ujumbe wa Seif wa siku ile:

"*Nimepata begi lako la safari. Nimechukua mawili, Duni naye asijione kaachwa. Leo namwambia yote. Huku nje wameanza kurusha mawe, tumefunga geti.*"



"Nilimtuma mimi," Saida akasema. "Nasimulia safari za wanawake wa watu, mwenyewe nilikuja hapa nimefichwa kwenye lori, chini ya magunia. Nikataka nirudi Tanga na begi, kama binadamu. Nikamganda: leo, leo, leo. Ningenyamaza siku moja tu..."

Duni akageuka. Akaingia ndani. Vyombo vikasikika vikigongana.

"Anachukua kisu," Célestine akanong'ona. "Funga mulango, mama!"

Saida hakufunga.

Duni alirudi na sahani mbili tupu, kaziweka moja juu ya nyingine.

"Tangu siku ile chakula hakinipiti. Napika, nakitazama, namwaga. Vuka."

"Na eda, dada?"

"Huko nyumba ya Seif, huku nyumba ya Seif. Umetoka wapi hapo?" Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Sijakusamehe, usijidanganye. Ila peke yangu nimeshindwa. Ingia tule."