Kidaka cha Mwenye Nyumba

Jina aliloliweka asubuhi silo alilolikuta baada ya sala ya adhuhuri. Asubuhi, mbele ya binti yake na dada yake, Mirza Tasadduq Beg alikuwa ameupa mtandao wa nyumba yake jina lililostahiki cheo chake: Mirza Tasadduq Beg, Afisa Mstaafu. Aliporudi msikitini akafungua simu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa chombo cha watu wa chini, akakuta juu kabisa ya mitandao ya majirani maneno mawili tu: Mwenye Nyumba. Na ukumbini, ambapo hapakuwa na taa iliyowashwa tangu Alhamisi iliyopita, palinuka utambi uliozimwa sasa hivi.

Alimwita binti yake kwa makofi mawili. Nayyira akaja, akaangalia, akaapa kwamba hakugusa kitu. Mirza hakumwamini, maana hakuwa na desturi ya kumwamini mtu.

Wanazuoni wametufundisha kwamba dhambi ya kwanza kutendwa juu ya mbingu haikuwa wizi wala uzinzi. Ilikuwa dharau: mmoja alimtazama mwenzake, akaona udongo tu. Mirza aliijua habari hiyo kwa moyo na akiisimulia vizuri, lakini hakupata kudhani kwamba inamhusu. Alikuwa amestaafu katika ofisi ya mifereji hapa mjini Multan, alikogawa zamu za maji ya mashambani mpaka ndevu zikamgeuka nyeupe. Wakulima waliokuwa na umri wa baba yake walimsubiri barazani, viatu mkononi. Akitaka mtu, alipiga makofi mawili bila kuinua macho, na aliyeitwa alipaswa kufika akisema “Naam.” Alipostaafu, ofisi ilibaki na kiti chake, makofi alikuja nayo nyumbani.

Intaneti aliiingiza kwa shingo upande, kwa ajili ya Nayyira. Binti huyo, mwalimu wa skuli ya wasichana na mtoto wake wa pekee, alikuwa ameposwa na Haris, kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa akifanya kazi Jeddah. Haris alinyimwa likizo, na arusi ikaahirishwa. Sasa wazee wa pande mbili walikuwa wameafikiana nikahi ifungwe kwa simu ya picha, kama zinavyofanya nyumba nyingi zenye vijana ughaibuni, ili karatasi za safari ya mke zianze kushughulikiwa. Ami yake Haris, mzee Fida Husain, alikuwa amesema kwa upole wenye ncha kwamba ikiharibika na mara hii, basi kila upande utafute kwingine. Nayyira aliyasikia hayo nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo alikuwa halali vizuri.

Fundi aliyeleta ruta, kikasha cha intaneti, hakukaribishwa ndani. Mirza alisema watu wa nyaya hawaingii penye wanawake, akampokea kizingitini, akamfukuza kabla hajamaliza kueleza. Kisha akaketi na kikasha hicho cheupe chenye antena mbili kama masikio ya punda, na karatasi yake ya maelekezo, ambayo kwanza aliishika juu chini.

“Baba, nikusaidie?” Nayyira aliuliza.

“Nimegawia wilaya nzima maji, nitashindwa na kidude chenye masikio?”

Alishindwa. Waya uliotoka mtaani aliuchomeka katika tundu lisilo lake, na taa ikawaka nyekundu. Akauchomoa, akauchomeka katika tundu la jirani, taa ikabaki nyekundu ileile. Akatia sindano katika kitundu kidogo cha nyuma, taa zote zikafa kisha zikafufuka, na kila alichokuwa amekifanya kikafutika. Jasho lilimtoka. Hatimaye Nayyira alipitisha mkono begani kwake, akachomeka waya pale ulipotakiwa, na taa ikageuka kijani. Naye Mirza akasema kwamba ndipo alipokuwa anakaribia kuuchomeka mwenyewe.

Ikaja shughuli ya mahali. Karatasi iliagiza kikasha kikae juu, katikati ya nyumba, kisizibwe na chochote. Katikati ya nyumba ile kuukuu palikuwa na ukumbi, na ukutani, juu ya kimo cha mtu, palikuwa na kidaka kimoja kilichopindwa kama mihirabu. Kila jioni ya Alhamisi, Bi Zubaida, dada mkubwa wa Mirza, mjane aliyerudi kuishi na nduguye, aliweka humo kijitaa cha udongo chenye mafuta ya haradali. Mama yao alifanya hivyo, na bibi yao kabla yake. Hakikuwekwa kitu kingine humo, hata msahafu.

“Pale hapawekwi kitu, Mirza,” Bi Zubaida alisema kwa sauti ya chini. “Unajua pana nani.”

“Pana buibui, Dada. Na masizi ya mafuta yako.”

“Basi bisha hodi kwanza. Sema tunaomba nafasi. Hata sultani huomba.”

“Nibishe hodi kwenye ukuta wangu?”

Akakiondoa kijitaa kwa vidole viwili, kama mtu anavyomshika panya mkia, akakitupa uani kikavunjika. Akakitia kikasha kidakani. Na kwa kuwa katika nyumba za watu wa heshima hakuna chombo kinachokaa uchi, si jokofu wala televisheni, akakifunika kwa kitambaa kilichotariziwa na marehemu mkewe, ijapokuwa karatasi ilikataza. Nayyira alimwomba jambo moja tu: wabadilishe neno la siri, kwa sababu lililoandikwa chini ya kikasha ni la kiwandani, na mwenye nia mbaya hulibahatisha, akaingia na kupageuza kwake. Mirza alikuwa amesimama chini ya kidaka alipojibu, na alijibu kwa sauti kubwa, majirani wasikie.

“Nani mwenye ubavu wa kuingia kwa Mirza Tasadduq?”

Swali hilo lilijibiwa saa ya adhuhuri, kama tulivyokwisha sema. Mirza alilirudisha jina lake. Jioni akakuta Mwenye Nyumba. Akalirudisha tena, akiwatukana watoto wa jirani. Asubuhi likawa Mwenye Nyumba. Mwisho akaliacha, akidai kwamba ni yeye anayesemwa.

Ikafika Alhamisi, na magharibi, kwa mara ya kwanza tangu enzi za bibi yao, kidaka hakikuwashiwa taa. Umeme ukakatika kwa zamu yake, mapangaboi yakazunguka yakachoka, mtaa mzima ukawa giza la joto. Mirza alikuwa peke yake ukumbini. Akapiga makofi mawili aletewe chai. Hakuja mtu. Akasikia, kutoka juu ya ukuta, makofi mawili yakimjibu, mepesi, ya mtu asiye na haraka. Akainua macho, akaona kwamba chini ya kitambaa cha marehemu mkewe, ambapo hapakupaswa kuwa na mwanga wowote kwa kuwa hapakuwa na umeme nyumba nzima, palikuwa na nuru, wala si kijani, bali manjano ya utambi, ikipanda na kushuka taratibu kama kifua cha aliyelala, na kila iliposhuka ile harufu ya haradali iliyoungua ilimjia puani, na kila ilipopanda vivuli vya maua ya tarizi vilitembea ukutani vikielekea mahali alipoketi, mpaka vikafika miguuni pake, vikasimama, kama watu waliofika barazani wakamkuta mwenyeji hajainuka kuwapokea.

Umeme uliporudi aliwaambia wanawake kwamba kikasha kina betri ndani. Nayyira alijua hakina. Lakini alimjua pia baba yake, na nikahi ilikuwa kesho yake.

Maulvi Ghulam Yasin, imamu wa mtaa, alikuwa ametoa nasaha yake mapema. Alisema mafakihi wa zamani walihofia ushahidi wa nyuma ya pazia, kwa kuwa sauti hufanana na sauti. Na njia iliyo salama zaidi ni Haris amfanye ami yake, mzee Fida, kuwa wakili wake, akubali kwa niaba yake ana kwa ana mbele ya mashahidi. Mirza aliuliza tangu lini mla pilau za arusi za watu akawa mufti. Mzee Fida alikuwa tayari, lakini Mirza alitaka majirani waione sura ya mkwe wake ikitoka Jeddah hadi ukumbini kwake. Maulvi akakubali kwa masharti: sura ionekane, na mashahidi waitambue sauti.

Ijumaa baada ya alasiri ukumbi ulijaa. Simu iliegemezwa juu ya mto, na Haris alionekana vizuri, kilemba kichwani, akitabasamu kwa haya. Idhini ya Nayyira ikachukuliwa chumbani, alikokaa na shangazi yake. Akaitikia kwa sauti ya kukatika. Maulvi alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo aanze hotuba, umeme ukakatika.

Watu wakaguna. Mzee Fida akafumba macho. Lakini sura kwenye simu haikuondoka. Ilitikisika mara moja, kama maji yaliyoguswa, kisha ikatulia, safi kuliko awali.

“Mmeona?” Mirza akasema, akiwazungushia macho. “Hii ni nyumba ya nani?”

Hotuba ikasomwa. Maulvi akauliza, naye aliyekuwa kwenye simu akajibu, “Nimekubali.” Mashahidi wakatikisa vichwa: sauti ni yake. Akauliza mara ya pili, akajibiwa. Mara ya tatu Maulvi alisita kidogo, kwa sababu alikuwa akimtazama bwana arusi na hakuwa amemwona akipepesa macho tangu umeme ulipokatika; lakini neno lilikuwa limekwisha mtoka, na jibu likaja, tulivu, lenye furaha ya aina asiyoipenda. “Nimekubali.”

Halua ilikuwa inaanza kupita ndipo simu ya kawaida ilipolia mfukoni mwa mzee Fida. Akaisikiliza. Uso wake ukapauka, akaitoa sikioni akaishika mbali naye.

“Ni Haris,” alisema. “Anasema picha ilimkatikia kabla ya hotuba. Anauliza tutaanza saa ngapi.”

Kwenye mto, sura ya Haris bado ilikuwa inawatazama.

Pazia la chumbani likafunguka, akatoka Nayyira na hina yake mikononi, akimshika shangazi yake. “Baba,” alinong'ona, “ile sauti sikuisikia kwenye simu. Nimeisikia sikioni. Kama mtu aliyeketi nyuma yangu.”

Mirza akamgeukia Maulvi, na safari hii hakukumbuka pilau. Aliuliza kama hiyo ni ndoa.

“Kwa Haris, hapana, hakusema neno,” Maulvi akajibu polepole. “Na kwa huyu, sheria haimtambui. Sasa muombe Mungu, huyo naye awe anaitambua sheria.”

Mirza akaruka hadi kidakani, akakivuta kitambaa, akazing'oa nyaya zote, akakishika kikasha mikononi kikiwa hakina hata uzi. Taa zake ziliendelea kuwaka, manjano. Akauliza ni nani, akaamuru ajitaje, akamtishia kwa aya alizozichanganya vichwa na mikia. Hapo sauti ya Haris ikatoka, wala si kwenye kikasha, bali ndani kabisa ya kidaka kilichobaki kitupu.

“Mwite anayeniwashia taa. Na wewe sisemi.”

Bi Zubaida akajitanda mtandio, akasogea mpaka chini ya ukuta. Sauti haikumtetemeka.

“Hodi, mwenyewe,” alisema.

“Karibu, dada.”

“Tumekukosea. Mtoto hana kosa.”

“Najua. Binti yenu simtaki; sisi huoa kwetu. Nilitaka huyu aonje kuingiliwa pasipo hodi.” Harufu ya utambi ikajaa ukumbini. “Neno langu nimelirudisha. Nimelirudisha. Nimelirudisha. Kidaka kiwe kidaka. Na taa aiwashe huyu, nikimwita.”

Kwenye simu iliyo juu ya mto sura ikazimika, kama utambi uliopulizwa.

Mirza alikichukua kikasha mwenyewe hadi mferejini akakitupa, katika maji yaleyale aliyokuwa akiwagawia watu kwa kidole. Mzee Fida, aliyeogopa vya kutosha kuwa mwema, hakuvunja uchumba. Ijumaa iliyofuata nikahi ilipangwa msikitini, naye akiwa wakili wa Haris, ana kwa ana, mbele ya mashahidi, kama Maulvi alivyotaka tangu mwanzo.

Siku hiyo wanawake walitangulia, na Nayyira akageuka mlangoni kumwambia baba yake asichelewe, kwa kuwa yeye ndiye walii wake wa kumwozesha. Mirza alivaa joho lake la sherehe, akafunga kilemba mbele ya kioo, na kwa muda mfupi akawa tena yule wa barazani. Katika simu yake, mitandao ya majirani ilijipanga, na juu yake, bila kikasha, bila waya, palikuwa na jina Mwenye Nyumba, wala halikuomba neno la siri. Wapita njia wote mtaani huliona mpaka leo, na hakuna anayeligusa.

Alikuwa ametia mguu mmoja katika kiatu aliposikia, kutoka ukumbini, makofi mawili.

Haikuwa Alhamisi. Akasimama, mkono kwenye komeo, akasubiri yasirudie. Hayakurudia. Mwenye kuita hakuwa na haja ya kuita mara mbili. Msikitini walimsubiri mpaka ami mmoja wa Nayyira akashika nafasi yake, na binti akaozwa kwa mkono wa mtu mwingine. Wakati huo Mirza Tasadduq Beg alikuwa amevua kiatu, amevua kilemba, amekishika kijitaa kipya kwa mikono miwili, uso umeinama.

“Naam,” akasema.