Nukta Aliyoifunika Chonga

Haya yalimpata Chonga, rafiki yangu aliyekuwa akiosha picha katika studio moja ya Biashara Street, mwaka wa tisini na nane. Mwalimu Priscah alimletea filamu ya anga, iliyopigwa na kakake kwa darubini kubwa ya ng'ambo, itolewe picha ya maonyesho ya shule. Chonga akaitoa, akaona nukta nyeupe pembeni, akadhani ni vumbi, akaifunika kwa wino kama ilivyo kazi yake.

Priscah alipokuja aliikagua picha kwa muda mrefu.

"Ile nukta iko wapi, Bwana Chonga? Kakangu na wenzake wamekesha miezi kuitafuta. Nyota iliyokufa, haina mwenziwe, na inakwenda mbio."

"Niwie radhi, mwalimu. Natoa nyingine sasa hivi."

Akajifungia chumba cha giza. Bomba lilikuwa likidondosha maji, tone baada ya tone. Ndani ya dawa ya kuoshea picha nyota zikajitokeza zote, isipokuwa ile. Akaiangalia filamu yenyewe. Hata humo haimo. Bomba likanyamaza.

Alipowasha taa, akaiona kwenye picha ya mkewe iliyotundikwa ukutani: nukta nyeupe, begani. Akaifunika kwa wino. Akageuka kuosha brashi, tone moja likaanguka bombani, na alipotazama tena nukta ilikuwa imefika kooni.