Mlinzi wa Loji ya Mtakatifu Osmund

Ilianza kwa hodi tu. Wilfred Luscombe, mwashi wa mawe wa kanisa kuu, alirudi nyumbani jioni moja, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe, akagonga mara tatu. Akangoja.

Mkewe, Hester, alifungua huku akicheka. "Kumbe hata ufunguo wa nyumba siku hizi ni siri ya Wafrimasoni?"

Wilf hakucheka. Alikunywa chai yake amesimama, mgongo ameugandamiza mlangoni.

Ilikuwa wiki ya pili tangu apewe kazi ya kulinda mlango wa loji, jumba la mikutano la Wafrimasoni. Jumba lao lililipuliwa na ndege za Wajerumani mwaka wa arobaini na mbili, likakaa gofu miaka saba, na Wilf ndiye aliyelijenga upya. Ndugu zake wa loji, mawakili na wauza nguo, walimtania kwamba katika chama kinachojiita cha waashi ni yeye peke yake aliyewahi kushika jiwe. Wakampa upanga asimame nje kila wakikutana, asipite mtu.

Kisha ikaja harufu, ya chokaa mbichi na nywele zilizoungua. Hester alilifua koti la mumewe mara mbili, harufu haikutoka. Alhamisi alasiri, akimenya viazi peke yake, alisikia kabati la vyakula likigongwa mara tatu, kutoka ndani.

Jumapili Wilf hakwenda kanisani. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala tangu asubuhi.

"Wilf, njoo ule. Nyama inapoa."

"Siwezi kuacha mlango. Hawajafunga." Sauti haikuwa yake. Halafu ikaja yake, ndogo, kama ya mtu aliye chini ya kisima: "Hester, nisaidie. Miguu hainisikii."

Hester alikimbia hadi kwa Padri Thorold, ndugu wa loji aliyekuwa akiandika historia yake. Padri alimsikiliza, kisha akafungua daftari lililobabuka kwa moto.

"Jioni ile ya mabomu mkutano ulifunguliwa," alinong'ona. "King'ora kikalia, wakatoka mlango wa nyuma, wakakimbilia handakini. Haukufungwa, mama. Kwetu mkutano ukifunguliwa lazima ufungwe kwa maneno yake, ndipo mlinzi aruhusiwe kuondoka. Amos Tozer, mlinzi wa jioni ile, hakuruhusiwa na mtu. Alikutwa chini ya kizingiti, upanga mkononi."

"Na mlijua siku zote?"

"Tuliandika kwamba alikufa shujaa. Halafu tukafungua mkutano mpya juu ya ule wa zamani."

Kesho yake alasiri wanaume saba wa loji waliingia kuufunga mkutano wa Tozer. Wilf alijikokota hadi kwenye nafasi yake nje. Hester, kwa kuwa mwanamke haingii, aliketi kwenye ngazi, chini ya mlango.

"Ukiisha tunakwenda nyumbani," alimwambia. 

Ndani maneno yalisomwa, kisha mlango ukagongwa mara tatu kumtaka mlinzi ajibu, na hodi tatu zikajibu kutoka nje, nzito, za kifundo cha mfupa, ilhali mikono ya Wilf ilikuwa imening'inia na hakuna kidole chake kilichotikisika, na mara ile harufu ikashuka ngazi moja baada ya nyingine kama mtu mzima aliyechoka, ikampita Hester begani, ikamwachia vumbi la chokaa kwenye shali, ikatoka barabarani na kupotea.

Mlango ukafunguliwa. Wanaume walitoka wakifuta jasho na kushikana mikono.

"Amekwenda zake," alisema Padri, machozi yakimlengalenga. "Luscombe, umeruhusiwa. Nenda nyumbani."

Wilf aliinua upanga, akauweka kati yake na mkewe aliyekuwa akipanda.

"Simama hapo, bibi. Ni ndugu gani anayekushuhudia?"

"Wilf. Ni mimi."

"Asiyeshuhudiwa na ndugu wa loji kwamba ni mwenzetu haukaribii mlango. Ni nani anayemshuhudia?"

Hester aliwageukia wale wanaume saba. "Semeni basi! Miaka thelathini na moja nimelala naye kitanda kimoja. Semeni mnanijua!"

Walitazama viatu vyao. Padri Thorold alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa ameapa, na hakuna kiapo chao kilichomtambua mwanamke.

"Hakuna," alisema Wilf kwa sauti yake mwenyewe, na akamgeuzia ncha ya upanga kifuani.